Athari ya Alfajiri

Kizuizini, chini ya mlima, polisi alikagua matairi,
akauliza kama gari huvuta kwa magurudumu yote manne,
kisha akachungulia kiti cha nyuma: "Na bibi huyu?"
"Mtalii," akajibu shangazi Ghaniya kabla sijafungua mdomo,
na Kiarabu chake chenye vumbi la Bujumbura
kikamchekesha askari, akatupisha.

Kona thelathini na mbili. Mimi nilihesabu kona.
Yeye alihesabu vingine:
hapa punda wa baba alivunjika mguu,
hapa tulilala na mvua,
hapa hapakuwa na hapa, palikuwa na korongo tu,
walipita mbuzi, nao kwa kusitasita.

Juu, bango la kahawia,
rangi wanayotengewa wageni,
lina mshale, picha ya ngome,
na neno moja la Kiarabu: Athari.
Magofu, yaani. Mambo ya kale.
Shangazi akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Athari yetu ilikuwa ya alfajiri," akasema,
na ilinichukua kona nzima kuelewa
kwamba anazungumzia maji:
huku mlimani nusu saa ya mfereji huitwa hivyo,
hurithiwa, huuzwa, huozeshwa nayo binti.
Kiswahili chetu kilipolichukua neno
kikaacha maji, kikabaki na kovu.

Tiketi riali moja. Watoto bure.
"Na waliozaliwa ndani?"
Kijana wa dirishani, jina lake Yaqdhan kifuani,
alipitisha kidole kwenye orodha ya bei, juu mpaka chini.
Bei hiyo haikuwepo.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga;
hawakusema mwenyeji akija kama mgeni
apone nani.
Alikataa nimlipie. Akadai risiti.

Tukaongozana na Wajerumani wawili wenye fimbo za kupandia
na familia ya Kuwait iliyokuwa ikitafuta kivuli tu.
Matuta ya waridi: mmechelewa wiki tatu, yamekwisha chumwa.
Jiko la kuvukizia marashi,
jeusi ndani kama sufuria ya shughuli.
Ghala la tende, sakafu yake imechongwa mbavu
ili asali ichuruzike yenyewe kwa uzito wa magunia.
Mjerumani akapiga picha zile mbavu.
Mtoto wa Kikuwait akauliza choo kiko wapi.

"Chumba hiki," akasema Yaqdhan, "wataalamu wanaamini
kilikuwa cha kuswalia."
"Cha mbuzi," akasema shangazi.
Mbuzi wawili. Mmoja wakimwita Binti Waziri
kwa jinsi alivyojiona.
Yaqdhan akawa mwekundu, akatoa kalamu.
Tangu hapo yeye ndiye aliyeuliza:
na huku? na kile kitundu? na nani aliishi juu?
Shangazi akajibu yote, mengine nadhani alitunga,
maana kwa Wajerumani babu alikuwa na ngazi mbili
na kwa Wakuwaiti zikawa tatu.

Mpaka chumba cha mwisho, paa limeanguka,
shubaka moja ukutani,
na chini yake, kwenye lipu, vitundu saba
vya mtu mdogo aliyechokonoa chokaa ikiwa mbichi.
Hakusema kitu.
Akajaribu kutia kidole cha shahada.
Hakikuingia. Akajaribu cha mwisho.
Yaqdhan akawaita wengine waende wakaone bonde.

Nje mfereji ulikuwa ukienda, mwembamba, baridi.
"Ya alfajiri nani anaichukua siku hizi?"
"Hoteli," akasema kijana, "ile yenye bwawa
ukingoni mwa genge," akatazama viatu vyake.
Shangazi akachota kiganja kimoja, akanywa,
akaniambia twende, magoti yameshaanza.

Tulishuka kwa gia ya kwanza, breki zikinuka.
Kwenye kona ya kumi au ya kumi na moja
akaitoa ile risiti, akainyoosha juu ya paja.
"Jina la mtaa lipo. Tarehe ipo. Mhuri upo."
Akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba wa pasipoti.
"Karatasi nyingine ya nyumba ile
hatujapata kuwa nayo."